Mama Apata Kazi Arusha: Je, Jamaa Yote Ihame?

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametutaka sisi wa darasa la mwisho tueleze kila mtu jambo moja analolijua kwa hakika. Wenzangu wameandika juu ya kahawa, mpira na safari za mwezini. Mimi nitaeleza shauri lililoingia nyumbani kwetu Tororo likizo ya Agosti mwaka jana. Najua kuwa baadhi yenu wanafunzi wa zamani mmekwisha kulipata shauri kama hili, na sisi tulio bado madawatini litatufikia.

Mama ni mhasibu. Amefanya kazi katika ofisi moja ya mjini miaka 9, na kiti chake ni kile kile, maana walio juu yake hawajafika umri wa kustaafu wala hawana haraka. Baba ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya serikali. Babu, mzaa baba, ndiye mwenye nyumba. Mimi ni mtoto wa kwanza. Ananifuata ndugu yangu wa kike, ambaye wakati ule alikuwa darasa la 6, kisha kitinda mimba aliyekuwa darasa la 2. Basi nilipofika nyumbani na sanduku langu nilikuta barua mezani. Mama ameitwa kazini Arusha, nchi ya Tanzania, kwa mapatano ya miaka 2, na mshahara wake utakuwa maradufu.

Jirani walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza walisema, "Maradufu! Mnangoja nini?" Wa pili, nao walikuwa wanaume, walicheka. Walisema wameona wake wengi wakiwafuata waume zao kazini, lakini mume kumfuata mke na godoro begani hawajaona. Baba hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda jikoni akaleta bakuli la maharagwe.

Alisema, "Kila haragwe moja ni shilingi laki moja za Uganda kwa mwezi. Tuhesabu." Upande mmoja wa meza ulikuwa Tororo. Mama 15, Baba 8, jumla 23. Tukaondoa 2 za ada ya wadogo wangu wawili, yakabaki 21. Ada yangu mimi hatukuihesabu, kwa sababu ingekuwa ile ile pande zote mbili, na vivyo hivyo chakula. Upande wa pili ulikuwa Arusha. Mama 30. Baba hana kitu, maana akiondoka ameacha kazi. Kodi ya nyumba 6, kwa kuwa hapa hatulipi kodi na kule tungelipa. Ada ya watoto wawili 5, nami nitaeleza kwa nini iliongezeka. Nauli ya kuja kumwona Babu, ikigawanywa kwa miezi, 1. Mtu wa kumpikia Babu na kumfulia, 1. Toa 13 katika 30, yanabaki 17.

Kumbe maradufu ni pungufu! Nilishangaa sana, nami ndiye niliyejiona hodari wa hesabu nyumbani. Kosa la jirani zetu, na langu, lilikuwa kulinganisha mshahara na mshahara. Yapasa kulinganisha nyumba na nyumba: yote yanayoingia na yote yanayotoka, pamoja na mshahara wa yule anayefuata, ambao hufa siku ya kuondoka.

Mama aliitazama meza kitambo, kisha akasema, "Barua hii imenyamaza mambo mengi. Kabla ya kukataa, niulize." Akaandika maswali yake, nami nikayanakili kwa sababu niliyaona yana maana. Nani atalipa gharama za kusafirisha vyombo? Je, iko posho ya nyumba? Iko posho ya shule? Bima ya matibabu ni ya mfanyakazi peke yake au na jamaa yake? Na mapatano yakivunjwa kabla ya miaka 2, mtapewa notisi ya muda gani, na nani atawarudisha? Lile la mwisho liliongezwa na Babu, nanyi mtaona sababu yake.

Majibu yalikuja baada ya siku 10. Vyombo vitasafirishwa mara moja bure. Posho ya nyumba ilikuwa maharagwe 3. Bima ni ya wote. Posho ya shule hakuna. Notisi ni miezi 3, na nauli ya kurudi italipwa. Tukaongeza 3 juu ya 17, ikawa 20. Tororo 21, Arusha 20. Baba akaliokota lile haragwe moja akalizungusha katika vidole vyake. Akasema, "Basi fedha imenyamaza. Haituambii twende wala tukae."

Ndipo Mama aliposema neno ambalo sijalisahau. Hakupaza sauti. "Mwalimu, mwaka ule wa 2012 ulipohamishwa Soroti, nani alileta maharagwe mezani?"

Hapana aliyejibu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka lori, na Mama akiwa mbele amempakata mdogo wangu. Mama alikuwa na kazi yake ya ukarani. Aliiacha, na ilimchukua miaka 3 kupata nyingine. Wala hapakuwa na shauri. Barua ya Wizara ilikuja, tukafunga vyombo. Tangu usiku ule nimefahamu kuwa katika nyumba nyingi mizani hii hutolewa kabatini pale tu anayeitwa anapokuwa mke.

Sasa nieleze mambo ya sheria, maana hapa watu wengi hukosea. Sisi ni watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wake mpya ulitiwa sahihi mwaka wa 1999 ukaanza kazi mwaka wa 2000, na leo nchi wanachama ni 8, maana Somalia ilikamilisha kuingia mwaka wa 2024. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza tarehe 1 Julai 1010 na 1000, yaani 2010; samahani kwa mzaha, ndivyo mdogo wangu anavyozisoma tarakimu. Itifaki hiyo yasema kwamba mfanyakazi wa nchi moja aweza kufanya kazi katika nchi nyingine kwa kadiri ya kazi ambazo nchi hiyo imezifungulia mlango, na kwamba aweza kufuatana na mwenziwe wa ndoa na watoto wake. Baba alipoyasoma hayo alifurahi. Lakini ruhusa ya itifaki si kibali mkononi. Tanzania ina sheria ya mwaka wa 2015 juu ya ajira za wageni, nayo yataka kila mgeni awe na kibali cha kazi. Kibali cha Mama kingeshughulikiwa na waajiri wake. Cha Baba kingetaka kwanza shule ya kumwajiri.

Tena viko vyeti. Wahasibu wa Afrika Mashariki walipatana mwaka wa 2011 kutambuana vyeti vyao, na wasanifu wa majengo vivyo hivyo. Kwa hiyo Mama akivuka mpaka, cheti chake kinavuka naye. Mwalimu hana bahati hiyo; hana budi kuanza upya kuomba ruhusa ya kufundisha, tena mtaala si ule alioufundisha. Hata safari yenyewe ina tofauti. Mwenyeji wa Uganda aweza kwenda Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa tangu mwaka wa 2014, lakini Tanzania hutaka pasi. Kutoka Tororo mpaka Arusha ni karibu kilometa 700: unavuka Malaba, unapita Nakuru na Nairobi, halafu unavuka tena Namanga. Nchi tatu, na mipaka miwili.

Jambo la shule ndilo lililotushughulisha kuliko yote, nami nawasihi wazazi walisome pole pole. Kwetu, mtoto hufanya mtihani wa darasa la 7 katika masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Yote hufanywa kwa Kiingereza. Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika sekondari. Ziko shule za msingi zifundishazo kwa Kiingereza, lakini nyingi ni za kulipa, na ndiyo sababu ada yetu iliruka kutoka 2 hadi 5. Kiswahili cha mdogo wangu wa kike ni Kiswahili cha sokoni. Anajua kununua nyanya na kupunguziwa bei, bali hajui kueleza mmeng'enyo wa chakula. Tena Tanzania, kwa sera yake ya elimu toleo la 2023, inabadili elimu ya msingi kutoka miaka 7 kuwa 6. Mtoto wa darasa la 6 anayehamia kati ya mabadiliko hayo atawekwa wapi? Mdogo wangu alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi michache afanye mtihani wake. Kumng'oa wakati ule ni kama kuhamisha mgomba wenye mkungu. Yule wa darasa la 2 hakuwa na shida hiyo. Mtoto wa miaka 7 hupata lugha kama apatavyo mafua.

Babu alikuwa amenyamaza siku zote hizo. Jioni moja alitwambia kisa chake, ambacho Baba alikisikia mara nyingi, maana yeye alizaliwa baadaye. Babu alikuwa fundi wa reli. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni mwaka wa 1967, na makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi. Babu alikaa huko na Nyanya katika nyumba za reli za Muthurwa. Alijiona amefika. Aliuza ng'ombe zake wa huku nyumbani, na shamba lake akampa mtu. Mwaka wa 1977 Jumuiya ilivunjika. Shirika la reli likawa mashirika matatu, kila nchi na lake, na Babu akarudi Tororo na masanduku mawili na cherehani ya Nyanya. Mali ya Jumuiya haikupatiwa mapatano ya kugawanywa mpaka mwaka wa 1984. Mpaka wa Kenya na Tanzania, huo huo wa Namanga ambao Mama angeuvuka, ulifungwa mwezi wa Februari mwaka wa 1977, ukafunguliwa tena Novemba mwaka wa 1983.

Sote tulidhani Babu anakataza. Hapana. Alimgeukia Mama akamwambia, "Nenda, mwanangu. Miaka yangu ya Nairobi siijutii. Ninajutia ng'ombe. Nilipohama niliufunga mlango wa nyuma mimi mwenyewe, kwa mkono wangu." Kisha akadai chai.

Maneno hayo yaligeuza shauri lote. Mpaka hapo tulikuwa tukiuliza, "Twende au tukae?" Baada ya hapo tuliuliza, "Nani aweza kwenda sasa na akarudi bila hasara, na nani hawezi?" Mama aliweza, tena kama asingekwenda asingeitwa mara ya pili. Kitinda mimba aliweza. Mdogo wangu wa kike hakuweza mpaka amalize mtihani. Baba hakuweza kuacha kazi, lakini aliweza kuomba likizo ya bila mshahara, ili mahali pake pasichukuliwe. Babu hakutaka, na hakuulizwa mara mbili.

Basi Mama aliondoka mwezi wa Januari na yule mdogo. Baba alibaki na binti yake na Babu. Kwa maharagwe, mwaka huu ni mzuri kuliko yote: 30 ya Mama, 3 ya posho, 8 ya Baba, jumla 41. Toa kodi ya vyumba viwili huko Arusha 3, ada 4, nauli 2, na 2 kwa sababu sufuria sasa ni mbili. Yanabaki 30. Lakini nilipokwenda nyumbani likizo ya Aprili nilimkuta Baba anasonga ugali usiosongeka, na mdogo wangu amesuka nywele zake mwenyewe, upande mmoja juu kuliko mwingine. Kila Jumapili jioni wanaketi kuzunguka simu. Kitinda mimba sasa asema "shikamoo" kwa kila mtu, hata kwangu, na Kiswahili chake kimeanza kunishinda mimi ninayeandika katika gazeti. Wiki ya tatu aliomba kurudi, akalia. Mama hakutwambia mpaka alipokwisha nyamaza.

Wale jirani waliocheka wangali wanacheka. Mmoja wao, hata hivyo, alikuja usiku kumwuliza Baba jinsi barua ya maswali ilivyoandikwa, kwa sababu mkewe ni muuguzi naye ameitwa Kigali. Baba alimpa nakala, akamwonyesha na bakuli.

Ndugu yangu atafanya mtihani wake mwezi wa Novemba. Mimi nami nina mtihani wangu mwezi huo huo. Barua ya Baba ya kuomba likizo ilipelekwa mwezi wa Februari, na mpaka leo ninapoandika haijajibiwa. Mtu wa kumpikia Babu amekwisha kupatikana, lakini Babu asema hajui kukoroga uji.