Mkataba wa Nyumba Unapokunyima Usingizi

Barua huletwa na kea-teka, mara nyingi jioni unapotoka kazini. Ajenti ataka kujua kabla ya mwisho wa mwezi ikiwa utatia sahihi mkataba mpya wa mwaka mzima au utafungasha virago. Miezi sita hakuna, mwezi kwa mwezi hakuna. Nawe huku hujui litakalokuwa: umeomba uhamisho kwenda Kisumu na jibu halijaja, au kandarasi yako kazini yaisha Septemba, au mke wako ni mja mzito na mwafikiria kuhamia karibu na mama yake.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la pesa tu. Lakini ukianza kuamka saa tisa za usiku ukipiga hesabu ya amana utakayopoteza, limeshakuwa jambo la afya.

Mnamo 1967, wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya mabadiliko 43 ya maisha yanayomlemea mtu, kila moja na alama zake. Kufiwa na mume au mke kulipewa 100, kufutwa kazi 47, uja uzito 40. Kuhama nyumba kulipewa 20 tu. Usizidharau hizo 20, kwani alama hujumlishwa. Anayehama kwa sababu amefutwa kazi tayari amebeba 67.

Mtu akiwa na hofu, mwili humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio na presha hupanda. Hilo lafaa ukikimbizwa na mbwa, si kwa miezi mitatu ukingoja barua ya uhamisho. Shingo hukaza, tumbo huchafuka, na watoto huanza kukaripiwa kwa makosa yasiyo yao.

Hata hivyo, si kweli kwamba mawazo ndiyo huleta vidonda vya tumbo, ingawa wengi mitaani huapa hivyo. Vingi husababishwa na bakteria iitwayo Helicobacter pylori, na vingine na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu. Tumbo likikusumbua bila kukoma, usimlaumu mwenye nyumba. Nenda ukapimwe.

Linaloumiza zaidi ni kutojua, na hilo waweza kulipunguza. Usingoje barua ya ajenti. Miezi miwili kabla ya mkataba kwisha, mwandikie mwenye nyumba mwenyewe, kwa kuwa ajenti mara nyingi hana ruhusa ya kubadilisha neno. Akikataa muda mfupi, omba kifungu kimoja tu: kwamba waweza kuondoka kwa notisi ya miezi miwili, au ukimletea mpangaji mwingine. Nyumba tupu humtia hasara, naye alijua hilo kabla yako.

Jua pia sheria yasemaje. Mkataba ukiisha nawe ukaendelea kukaa kwa idhini ya mwenye nyumba, ukilipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 hukuhesabu kuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Upande wowote waweza kuvunja kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kumbuka kisu hiki chakata kote kote: nawe waweza kuambiwa uhame. Weka risiti zote, na chochote mlichokubaliana kwa mdomo kiandikwe.

Kuhusu usingizi, kaa na karatasi hizo mapema jioni, kisha uzifungie kabatini. Bia mbili zitakulaza, lakini zitakuamsha usiku wa manane. Tembe za usingizi usinunue bila kumwona daktari. Pima presha, ikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, ni ya kutibiwa. Na ukipitisha majuma mawili bila hamu ya chakula, kazi wala watu, usisubiri jibu la mwenye nyumba ndipo uende kliniki.