Daftari la zamani laamua nani ni Mchoktaw

WAHENGA walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Miongoni mwa Wachoktaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani, methali hiyo ina sura nyingine. Daftari lipo, ila liliandikwa na watu waliokuwa wakiigawanya ardhi yao. Zaidi ya karne moja baadaye, wengi wanaotaka kuthibitisha kwamba mababu wao walikuwa Wachoktaw hawana budi kupitia katika daftari hilo hilo.

Suala hili linawagusa watu wengi. Katika familia nyingi za Marekani, za weupe kwa weusi, husimuliwa kisa cha nyanya wa zamani aliyekuwa mwenyeji asilia. Aghalabu kisa chenyewe huishia hapo. Jina lake halikumbukwi wala mahali alikozaliwa. Anayetaka kuufukua ukweli sharti aijue kwanza historia ya Wachoktaw, kwa kuwa ndiyo inayoeleza karatasi zilipo na sababu za kuandikwa kwake.

Asili ya Wachoktaw ni Mississippi na sehemu za majimbo jirani. Mnamo Mei 1830, Rais Andrew Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamishia wenyeji asilia magharibi mwa mto Mississippi. Septemba 27 mwaka huo, viongozi wa Wachoktaw waliingia katika Mkataba wa Dancing Rabbit Creek na kuiachia serikali ardhi yao. Kati ya 1831 na 1833, maelfu yao walipelekwa katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Oklahoma. Wengi walifia njiani kwa baridi, njaa na kipindupindu.

Kabla ya safari hiyo, mwaka wa 1831, serikali iliandaa orodha ya wakuu wa familia, idadi ya watu katika kila boma na ekari walizolima. Orodha hiyo, ijulikanayo kwa jina la ofisa Francis Armstrong, ni miongoni mwa hati za kale zaidi zinazowataja Wachoktaw kwa majina.

Hata hivyo, si wote waliohama. Ibara ya 14 ya mkataba ilimruhusu mkuu wa familia aliyetaka kubaki Mississippi ajiandikishe kwa ajenti wa serikali na kupewa ekari 640. Ajenti huyo, William Ward, aliwakatalia wengi waliofika mbele yake, na orodha aliyoiacha ina wakuu wa familia 69 pekee. Waliosalia walikaa bila ardhi wala hati. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mtafiti ni hili: je, mababu zake walihama au walibaki? Jibu ndilo litakaloamua ni wapi pa kutafuta.

Kwa waliohama, hati kuu ni orodha za Tume ya Dawes. Tume hii iliundwa mwaka wa 1893 ikiongozwa na Henry Dawes, aliyekuwa seneta. Kazi yake ilikuwa kuivunja ardhi iliyomilikiwa na jamii nzima na kumgawia kila mtu kipande chake. Ili kugawa, ilibidi kwanza kuhesabu. Uandikishaji ulianza mwaka wa 1898 na orodha zikafungwa Machi 4, 1907, miezi michache kabla ya Oklahoma kuwa jimbo. Wakati huo zilikuwa na majina zaidi ya 100,000 ya watu wa mataifa matano, Wachoktaw wakiwa mmojawapo.

Utafiti wenyewe huanzia kwa aliye hai. Mtafiti huandika jina lake, la wazazi wake na la wazazi wa wazazi wake, huku akikusanya vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, hadi amfikie mtu aliyekuwa hai kati ya 1898 na 1907. Kuruka kizazi kimoja ni hatari, kwani majina yanayofanana ni mengi na ni rahisi kumrithi babu wa mwenzako.

Jina likishapatikana katika orodha, huwa lina nambari mbili. Ya kwanza ni ya mtu binafsi. Ya pili ni ya kadi ya sensa ambayo aliandikwa pamoja na jamaa zake. Hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Watu wenye nambari moja ya kadi kwa kawaida walikuwa familia moja, na kadi yenyewe hutaja umri wao, uhusiano wao na majina ya wazazi wao, hata waliokuwa wameshafariki.

Nyuma ya kadi kuna faili ya maombi. Humo mna vyeti na maswali ambayo maofisa waliwauliza waombaji chini ya kiapo: ulizaliwa wapi, mama yako ni nani, alikufa lini? Faili za waliokataliwa nazo zilihifadhiwa, na mara nyingine zina maelezo mengi kuliko za waliokubaliwa, maana aliyetiliwa shaka ndiye aliyelazimika kusimulia zaidi. Hati za asili zimewekwa katika tawi la hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Fort Worth, Texas, na faharasa ya majina inapatikana bila malipo katika tovuti ya Jumuiya ya Historia ya Oklahoma.

Ugumu huongezeka kadiri mtu anavyorudi nyuma. Zamani Wachoktaw hawakuwa na majina ya ukoo kama ya Wazungu, kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja wangeweza kuandikwa kwa majina yasiyofanana kabisa. Makarani nao waliandika walivyosikia; jina lenye mwisho wa “tubbee” huonekana kwa tahajia kadhaa. Isitoshe, ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na nafasi kubwa katika malezi. Anayefuata jina la baba pekee anaweza kuipoteza njia mapema.

Wapo wanaotumaini kwamba uchunguzi wa chembechembe za DNA utawapunguzia kazi. Uchunguzi huo waweza kuonyesha undugu na watu walio hai, lakini hauwezi kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa Mchoktaw wala si wa taifa jingine. Nasaba huthibitishwa kwa hati.

Masharti ya uanachama nayo hutofautiana. Taifa la Wachoktaw la Oklahoma, lenye makao makuu Durant na wanachama zaidi ya 200,000, humtaka mwombaji athibitishe kuwa ametokana moja kwa moja na mtu aliyeandikwa na Tume ya Dawes kuwa Mchoktaw wa damu. Wachoktaw wa Mississippi, waliotambuliwa na serikali kuu mwaka wa 1945, hutumia orodha yao ya 1940 na hudai angalau nusu ya damu ya Kichoktaw. Kundi la Jena huko Louisiana lilitambuliwa mwaka wa 1995.

Neno hilo “damu” ndilo lenye uchungu mkubwa zaidi. Wachoktaw matajiri walimiliki watumwa wenye asili ya Afrika, na utumwa huo ulikomeshwa kwa mkataba wa 1866. Tume ya Dawes iliwaandika mahuru hao na watoto wao katika orodha ya peke yao, ambayo haikutaja kiasi cha damu. Mtoto aliyezaliwa na baba Mchoktaw na mama aliyekuwa mtumwa alifuata upande wa mama, akawekwa huko. Mchoktaw wa damu aligawiwa ardhi yenye thamani ya ekari 320 za wastani. Huru alipata ekari 40. Mwaka wa 1907 mwanamke aitwaye Bettie Ligon na wenzake wapatao 2,000 walikwenda mahakamani wakitaka wahamishiwe katika orodha ya damu. Hawakufanikiwa.

Matokeo yake yangali yanaonekana. Katiba ya Taifa la Wachoktaw la Oklahoma ya mwaka wa 1983 iliufunga uraia kwa vizazi vya orodha ya damu, na vizazi vya mahuru vikabaki nje.

Hata hivyo, kadi za mahuru zina jambo ambalo kadi nyingine hazina. Upande wa mbele huandikwa jina la aliyemmiliki mtu huyo, na nyuma majina ya baba na mama yake pamoja na waliowamiliki. Mjukuu anayeigeuza kadi hiyo leo wakati mwingine hukuta, kwa mwandiko wa karani wa serikali, kwamba baba wa nyanya yake alikuwa Mchoktaw. Amempata babu aliyemtafuta, lakini katika orodha isiyomfungulia mlango.