Shosho akianza kugonga meza, usiseme 'ni uzee tu'

Kuna maneno tunayapenda sana tukiongea kuhusu wazazi wetu: "Ni uzee tu." Shosho akigonga kona ya meza, ni uzee. Mzee akikosa kuona boda boda inayotokea pembeni, ni uzee. Halafu tunarudi kwa simu.

Sikia, msee. Umri peke yake haupofushi mtu. Kinachopofusha ni magonjwa yanayokuja na umri, na kuna mawili ambayo watu huyachanganya kila siku.

La kwanza ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho inaingia ukungu polepole, mtu anaona kama anachungulia kupitia kioo cha matatu siku ya mvua. Sigara, kisukari na jua kali la miaka mingi huharakisha mambo. Lakini daktari akitoa hiyo lenzi na kuweka ya bandia, wengi huona tena vizuri.

La pili ni glakoma, ile huitwa presha ya macho. Hapa ndipo kuna noma. Neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo inakufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu ya presha ndani ya jicho. Aina inayopatikana sana kwetu haiumi. Inaanza kwa kula pembeni, kwa hivyo mzee bado anasoma gazeti na kutambua sura yako, kumbe kando kumeshazimika. Neva ikishakufa, hakuna upasuaji wala miwani ya kuirudisha.

Sasa fikiria mzee aliyeambiwa na majirani, "Huo ni mtoto wa jicho tu, uache ukomae kwanza." Anangoja. Kama ni mtoto wa jicho kweli, amejichelewesha bure. Kama ni glakoma, kila mwezi anaongoja unaweza kuondoka na kipande cha macho yake.

Nani yuko hatarini? Aliyepita miaka 40. Sisi Waafrika, ambao glakoma hutupata mapema na kwa ukali zaidi. Mwenye shida kubwa ya kuona mbali. Aliyewahi kuumia jicho. Anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, yakiwemo matone ya macho yanayonunuliwa bila daktari kila macho yakiwasha.

Halafu kuna hii inayokuhusu wewe: familia. Mzazi au ndugu yako wa damu akiwa na glakoma, hatari yako inapanda mara kadhaa. Kwa hivyo uliza nyumbani ni nani aliyepofuka, na ni nini hasa kilimpofusha. "Alizeeka" si jibu.

Usidanganyike pia na ile mashine ya kufunga mkononi. Presha ya damu na presha ya macho ni vitu viwili tofauti; moja ikiwa sawa haimaanishi nyingine iko sawa. Miwani ya kusomea ya wachuuzi nayo itakuza herufi tu, haitapima kitu.

Mpeleke mathe kwa mtaalamu wa macho, na uingie naye. Ombeni apimwe presha ya macho, neva iangaliwe, na uwezo wa kuona pembeni ujaribiwe. Kama ana kisukari, macho yake yaangaliwe kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Akipatikana na glakoma, huenda akapewa matone ya kila siku, pengine maisha yake yote. Hapo ndipo wengi huachia njiani, kwa sababu dawa hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki. Mtu haoni tofauti, anaona ni kupoteza pesa tu. Mweleze hivyo mapema. Kisha weka alamu kwa simu yako, na ikilia kila jioni mpigie: "Mathe, umeweka dawa?"