Kuhesabu Maneno ya Wachora Ramani

Ilimu ya mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani ile inayozitia ramani ndani ya kompyuta na kuzipanga moja juu ya nyingine ili mwenye kuuliza apate jawabu, ina asili inayotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki, kwani Roger Tomlinson, anayeitwa baba wa ilimu hiyo, aliipata fikra yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale kampuni aliyoitumikia ilipotakiwa kutafuta mahali pa kupanda miti nchini Kenya, ikadhihirika kuwa gharama ya kulinganisha ramani kwa mkono haistahimiliki. Tangu hapo makala zimeandikwa kwa maelfu, wala hapana mwanadamu awezaye kuzisoma zote. Ndipo ilipozuka kazi ya kuipa mashine muhtasari wa kila makala, iyaondoe maneno ya kawaida, iyahesabu yaliyosalia mwaka baada ya mwaka, kisha iyakusanye yale yenye mazoea ya kuandamana. Kwa njia hii huonekana jinsi hima ya wataalamu ilivyohama kutoka kwenye mitambo yenyewe hata ikafikia picha za satelaiti, maradhi, na mashine zinazojifunza.

Hapa Mwanza mfano u karibu. Magugu maji yalipoenea ziwani katika miaka ya 1990, yakaziba bandari na mialo, watafiti waliyasaka kwa satelaiti, kwa sababu jani bichi huakisi kwa nguvu mwanga fulani usioonekana kwa jicho, ilhali maji huumeza, hivyo magugu hung'aa pichani juu ya weusi wa ziwa. Lakini mafunjo ya ufukweni nayo hung'aa vivyo hivyo, na mtafiti hana budi kupanda mtumbwi akahakikishe. Mmea huo, ambao wanasayansi waliuita Eichhornia crassipes, ulihamishiwa mwaka 2018 katika jenasi ya Pontederia. Mashine isiyoarifiwa hayo italiona jina la kwanza likipungua, iseme watu wameacha kuutafiti, nao ungali unaelea katika Ghuba ya Mwanza.

Upungufu mkubwa zaidi, kwa rai yangu, ni kwamba huhesabiwa yaliyochapishwa tu, aghalabu kwa Kiingereza. Taarifa ya uvuvi, ya kichocho, au ya maji yaliyopanda mwaka 2020, ikilala kabatini kwa Kiswahili, haimo hesabuni kabisa, na mwelekeo unaotangazwa huwa ni wa wengine. Nawasihi wakuu wa vyuo, taasisi na halmashauri za kandokando ya ziwa wazitoe taarifa hizo makabatini, wazinakili katika kompyuta pamoja na tarehe na mahali, na waziweke wazi kwa umma.