Manowari juu ya meza ya chakula: mtoto anajifunza nini?

Mzazi anayefungua boksi la modeli kwa mara ya kwanza hushangaa. Juu ya kifuniko kuna picha ya ndege ya kivita au manowari iliyokamilika, ina rangi na bendera. Ndani kuna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, karatasi ya maelekezo na stika chache. Ndege yenyewe haimo. Inatakiwa iundwe, kipande kwa kipande.

Hapo ndipo maswali mawili huanza nyumbani. La kwanza ni la usalama na mfuko: kuna kisu, gundi, rangi, na boksi moja huzaa hamu ya jingine. La pili ni zito zaidi, na wazazi wengi huliacha lipite: je, ni sawa mtoto ajifurahishe kwa kuunda silaha?

Burudani hii ina faida kubwa kwa mtoto, hasa katika zama hizi ambazo muda mwingi wa likizo huishia kwenye simu. Lakini faida hiyo huja pale mzazi anapokaa mezani pamoja naye. Mkono wa mtoto unahitaji kuangaliwa, na maswali yake yanahitaji mtu mzima wa kuyajibu.

Hesabu iliyojificha kwenye boksi

Modeli si kifaa cha kuchezea cha kawaida. Ni nakala ya kitu halisi iliyopunguzwa kwa skeli, kama ramani anayoisoma mtoto kwenye somo la jiografia. Ndege nyingi huja kwa skeli ya 1/72 au 1/48, na meli kwa 1/700 au 1/350. Ukiona 1/72, maana yake ni kwamba ndege halisi ni kubwa mara 72 kuliko hiyo iliyo mezani.

Chukua mfano wa Spitfire, ndege maarufu ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili. Upana wa mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ulikuwa takriban mita 11.2. Gawanya kwa 72, unapata kama sentimita 15.6, yaani inaenea kwenye kiganja cha mtu mzima. Mwambie mtoto apige hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kukata kipande cha kwanza, kisha apime kwa rula baada ya kumaliza. Atagawanya desimali bila kulalamika, kwa sababu safari hii jibu analiona kwa macho.

Burudani iliyoanzia mbali

Nchini Uingereza, jina linalojulikana zaidi ni Airfix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungary. Spitfire yake ya kwanza ya plastiki ilitoka mwaka 1953, na vizazi vya watoto wa Uingereza vikakua na ndege zilizoning'inizwa kwa uzi kwenye dari za vyumba vyao. Kwa Wajapani, jina kubwa ni Tamiya ya mji wa Shizuoka, ambayo modeli yake ya kwanza ya plastiki, mwaka 1960, ilikuwa manowari Yamato.

Lakini modeli hazikuwa burudani tu. Mwaka 1942, Marekani ikiwa ndiyo kwanza imeingia vitani, jeshi lake la majini liliwaomba wanafunzi wa shule kuchonga modeli za mbao za ndege za kivita, za Marekani na za adui, kwa skeli ya 1/72. Lengo lilikuwa modeli 500,000. Zilitumika kuwafundisha askari kutambua ndege kwa umbo lake, wasije wakapiga ya kwao wakidhani ni ya adui. Kwa skeli hiyo, modeli iliyo mita 10 kutoka kwako huonekana kama ndege halisi iliyo mita 720.

Mzazi anayesoma hapo ataelewa kwamba swali la mtoto na vita halikuanza leo. Wale wanafunzi walichonga kwa bidii na kwa uzalendo. Walichokichonga kilikuwa sehemu ya vita.

Meli zenye historia ya kwetu

Hakuna haja ya kumpeleka mtoto hadi Uingereza au Japani ili apate hadithi ya meli. Zipo hapa nyumbani.

Ya kwanza ni Königsberg, manowari ya Kijerumani yenye urefu wa takriban mita 115. Septemba 20, 1914 iliivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa injini. Baadaye Königsberg ikajificha kwenye delta ya mto Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza walichukua miezi mingi kuimaliza. Walitumia ndege kutoka kisiwa cha Mafia kuangalia makombora yanaangukia wapi, na Julai 11, 1915 meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zikaiharibu kiasi kwamba mabaharia wake waliizamisha wenyewe.

Hadithi haikuishia hapo. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10, ikaburutwa nchi kavu na kuendelea kutumika vitani. Mmoja wa mizinga hiyo leo unaonekana Fort Jesus, Mombasa.

Ya pili inafaa zaidi kwa somo letu, kwa sababu yenyewe ilisafiri kama modeli. Meli iliyoitwa Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha takriban 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Huko mafundi watatu kutoka Papenburg, pamoja na vibarua Waafrika, waliiunganisha upya. Ikashushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915.

Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wakati wakirudi nyuma, lakini walizipaka injini grisi kwanza zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua wote: Liemba. Meli iliyotumika vitani ikabeba abiria, samaki na mizigo ya ziwani kwa miongo mingi.

Mtoto aliyekwama kwenye ukurasa wa tatu wa maelekezo, akitaka kutupa boksi zima, msimulie hiyo. Yeye ana vipande 60. Wale wa Kigoma walikuwa na makasha 5,000.

Bila boksi la dukani inawezekana

Modeli za dukani hazipatikani kila mji, na ukiagiza nje, usafirishaji na ushuru vinaweza kuzidi bei ya boksi lenyewe. Hilo lisikukatishe tamaa. Watoto wetu ni mafundi wa siku nyingi: magari ya waya, ndege za mabua, ngalawa za malapa yaliyochakaa zenye tanga la mfuko wa plastiki. Kinachoongezwa hapa ni kipimo tu.

Jaribuni Liemba kwa skeli ya 1/200. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita 2 za meli ni sentimita 1 ya boksi. Meli ina urefu wa takriban mita 71 na upana wa karibu mita 10. Kwa hiyo modeli yenu itakuwa na urefu wa sentimita 35 na nusu na upana wa sentimita 5.

Tafuteni picha ya meli kwenye simu, mchoreni umbo lake kwenye karatasi, kisha mkate boksi la katoni. Bomba la moshi litoke kwenye kiini cha karatasi ya chooni kilichokunjwa kikawa chembamba, nguzo zitoke kwenye njiti za kuchokolea meno. Kazi hiyo inachukua wikiendi mbili kwa mtoto wa miaka 10, na hapo simu unaitumia kwa kazi badala ya kuifanya mlezi.

Kisu, gundi na rangi

Sehemu hii isomwe na mzazi kabla boksi halijafunguliwa.

Umri. Angalia umri ulioandikwa kwenye boksi. Vipande vidogo ni hatari kwa walio chini ya miaka mitatu, ambao huweka kila kitu mdomoni. Kama kuna mdogo nyumbani, kazi ifanyike kwenye meza ndefu, na vipande vikae kwenye kopo lenye mfuniko.

Kukata. Usimng'oe mtoto mkono kwa kumwachia wembe. Kikata kucha kinatosha kutenganisha vipande vingi na fremu. Kisu chembamba kishikwe na mtu mzima, au na kijana chini ya usimamizi, akikata kwenye ubao na kuelekeza makali mbali na vidole.

Gundi. Gundi ya plastiki, petroli na tina hutoa mvuke unaolewesha, na hushika moto. Fanyeni kazi dirisha likiwa wazi au barazani, mbali na jiko la mkaa, la mafuta au la gesi, na mfunike kopo mara mmalizapo. Mzazi wa kijana ahesabu na kuhifadhi makopo hayo mwenyewe, kwa kuwa kuvuta gundi ni tatizo linalojulikana mitaani kwetu. Kwa kazi ya katoni, gundi nyeupe ya shule inatosha.

Supa gluu. Vidole vikishikana, msivivute. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, viachane polepole. Ikiingia jichoni, nendeni hospitali mara moja.

Msasa. Loweka msasa kwenye maji ndipo usugue, ili vumbi la plastiki lisiruke na kuvutwa puani.

Kukusanya kusigeuke tamaa

Watu wazima wa burudani hii wana tabia moja wanayoicheka wenyewe: hununua haraka kuliko wanavyounda, kabati likajaa maboksi ambayo hayajafunguliwa. Mtoto naye anaweza kufika huko, akapenda kumiliki kuliko kutengeneza.

Wekeni kanuni rahisi. Boksi la pili haliingii nyumbani hadi la kwanza liwe limekamilika na kuwekwa kwenye rafu. Mtoto achangie bei kwa akiba yake, hata kama ni kidogo. Na ile ya kwanza, iliyochafuka gundi na yenye bawa moja lililopinda, isitupwe. Iandikeni tarehe chini yake. Akifika ya tano ataona mwenyewe alikotoka.

Maswali ya vita

Sasa lile swali zito. Kumkataza mtoto ndege za kivita hakumwondolei vita akilini. Anaviona kwenye katuni, kwenye michezo ya simu na kwenye taarifa ya habari. Tofauti ya modeli ni kwamba inakwenda polepole. Wiki mbili mezani zinatoa nafasi ya mazungumzo ambayo mchezo wa simu wa dakika tano hautoi.

Anza na hesabu ile ile. Kwa skeli ya 1/350, mtu mwenye urefu wa mita 1.75 anakuwa milimita 5, mfupi kuliko punje ya mchele. Muulize mtoto: kwenye manowari hii walikaa watu wangapi? Walilala wapi? Meli ilipopigwa, walitokea wapi? Pegasus ilikuwa na mabaharia, na baadhi ya waliokufa siku ile wamezikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na Mji Mkongwe.

Kisha uliza na lile ambalo hakuna boksi linaloliuliza: nani alibeba? Mizinga ya Königsberg haikutembea yenyewe kutoka Rufiji. Katika vita vile pande zote mbili zilitumia wapagazi Waafrika, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, sawa na Kariokor ya Nairobi. Mtoto anayekwenda sokoni kila Jumamosi anastahili kulijua hilo.

Kwa mtoto wa miaka sita au saba, sentensi mbili zinatosha: meli hii ilipigana, na watu waliumia. Kijana wa sekondari anaweza kupewa habari nzima, akaulizwa maoni yake. Na kama kuna mtoto nyumbani aliyewahi kuisikia milio ya bunduki kwa masikio yake, kama walivyo wengi katika familia zilizokimbia vita Burundi au Kongo, mwache achague mwenyewe. Meli ya abiria au gari vinafundisha subira ile ile.

Mkimaliza, mpelekeni akaone

Modeli ikikamilika, isiishie rafuni. Walio Mombasa wampeleke mtoto Fort Jesus, asimame kando ya mzinga wa Königsberg na kuulinganisha na ule mdogo kama sindano aliougundisha nyumbani. Walio Kigoma wampeleke bandarini. Walio Dar es Salaam waanzie Kariakoo, siku ya kawaida ya soko, na wamwambie jina hilo lilitoka wapi.

Aende na rula yake. Huenda akataka kupima.