Kufunga king'amuzi kwenye kichwa kidogo cha mvuke

Kibondo na Kasulu hazina reli. Anayetaka kuona treni hushuka kutoka milimani hadi Uvinza au Kigoma mjini, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1914. Hata huko vichwa vya mvuke havipo tena kazini. Wazee waliovipanda bado wanaukumbuka mlio wake, lakini kijana anayetaka kukiona kimoja kwa macho atafunga safari ndefu, pengine mpaka Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Pale kimehifadhiwa kichwa namba 6006 cha aina ya Garratt, kimoja kati ya 29 vya daraja la 60 vilivyoingia kazini katika Reli za Afrika Mashariki mwaka 1953 na 1954.

Njia nyingine ni kukiunda kwa udogo na kukiendesha mezani. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, reli yetu ya upana wa mita moja inakuwa kama milimita 12. Wengi hudhani hii ni kazi ya Wazungu wenye pesa. Mimi naamini fundi anayefungua redio na simu sokoni Kasulu, au anayefunga sola vijijini Kibondo, tayari ana karibu ujuzi wote unaotakiwa. Kitakachomponza ni mazoea mawili ya mkono, nayo nitayaeleza kwa kirefu.

Kwanza tuone mfumo wenyewe. Treni ndogo za zamani ziliendeshwa kwa kuongeza au kupunguza volti kwenye reli, kwa hiyo vichwa vyote vilivyosimama juu ya reli hiyo viliondoka pamoja. Katika mfumo wa kidijitali, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kiwango cha pamoja na chama cha Marekani cha NMRA katika miaka ya 1990, reli zina umeme kamili muda wote, kwa kawaida volti 12 hadi 16. Umeme huo hugeuka chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mgeuko ndio ujumbe. Nusu ya mgeuko ikichukua mikrosekunde 58, yaani sehemu 58 za sekunde iliyokatwa vipande milioni, hiyo ni moja. Ikichukua 100 au zaidi, ni sifuri. Ni kama mpiga mbiu anayepita mtaani akitaja jina: wote wanasikia, anaitika aliyetajwa. Anayeitika hapa ni king'amuzi, kibao kidogo kuliko laini ya simu ya zamani, kinachokaa ndani ya kichwa cha treni. Kinasoma namba, na ikiwa ni yake, kinaipa mota umeme kupitia transista nne.

Sasa zoea la kwanza. Kwenye pikipiki, chasi ndiyo hasi. Fundi wa bodaboda hufunga waya mmoja kwenye bodi, kazi ikaisha. Vichwa vingi vya zamani vya mfano vimejengwa hivyohivyo: mguu mmoja wa mota umegusa chasi ya chuma, na chasi imeunganika na magurudumu ya upande mmoja. Ukifunga king'amuzi humo, umeme wa reli utaingia kwenye transista kwa mlango wa nyuma na kuziua papo hapo. Kwa hiyo mota lazima itengwe kabisa na reli kabla hujawasha pasi ya lehemu. Weka mita kwenye mlio. Ncha moja iguse gurudumu la kulia, nyingine mguu wa kwanza wa mota, kisha wa pili. Rudia upande wa kushoto. Mara zote nne mita iwe kimya. Usiishie hapo. Kichwa cha mvuke kina vyuma vya pembeni vinavyounganisha magurudumu, na kuna vinavyogusa mahali pabaya katika nafasi moja tu ya mzunguko. Yazungushe magurudumu taratibu kwa kidole mzunguko mzima huku mita ikiwa mahali pake, kisha kipinde kichwa kidogo kana kwamba kinakata kona. Mlio mmoja wa nusu sekunde unatosha kukuonyesha kilichokuwa kikusubiri.

Zoea la pili linatoka kwenye sola: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Kwenye nyaya za king'amuzi sivyo. Nyekundu huenda reli ya kulia na nyeusi ya kushoto, na zote mbili ni za umeme unaogeukageuka. Rangi ya chungwa na ya kijivu ni za mota. Nyeupe ni taa ya mbele, njano ya nyuma. Chanya halisi ni waya wa bluu, unaotumiwa na taa zote kwa pamoja, na kila taa ya LED iwekewe resista ya ohmu 1,000 hivi. Anayeunganisha bluu na chasi kwa kufikiri ni waya wa ziada amekiunguza king'amuzi.

Garratt ina mambo yake. Badala ya kuvuta tenda, yaani behewa la maji na fueli, ina matangi mbele na nyuma, na king'amuzi hukaa vizuri ndani ya tangi. Lakini magurudumu yako kwenye injini mbili zinazojipinda kila moja kivyake, moja mbele ya boila na nyingine nyuma yake. Pitisha nyaya karibu na mhimili wa kujipinda, kwani hapo ndipo zinasogea kidogo, na zitumie zile nyembamba laini. Kama kuna mota mbili, jumlisha ampea zake zikiwa zimekwama, maana ving'amuzi vingi vya ukubwa huu vina uwezo wa ampea 1 tu. Anayetaka sauti ajue kwamba injini ya silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Garratt ina injini mbili za namna hiyo ambazo hazikufungwa pamoja, ndiyo maana pumzi zake hukutana, zikaachana, zikakutana tena. King'amuzi kinachotoa pumzi nne tupu hakijaitendea haki.

Ili kupeleka umeme na ujumbe huo wa kidijitali kwenye reli, mradi huria wa DCC-EX hutumia kibao cha Arduino na kibao cha kuendeshea mota, na betri ya sola ya volti 12 inatosha kwa kichwa kimoja. Weka fyuzi karibu na betri, kwani betri ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya. Kiangazi, vumbi letu jekundu litakata umeme kwenye reli. Futa reli kwa spiriti, na ukiweza ongeza kapasita ya volti 25 kwenye king'amuzi ili kichwa kisisimame kila kipatapo doa.

Mara ya kwanza usikiweke kwenye reli kuu. Kiweke kwenye kipande cha reli kilichotengwa kwa mipangilio, ambacho umeme wake umebanwa, kisha uliza namba ya kichwa. King'amuzi kipya hujibu 3. Jibu lenyewe ni mstuko mdogo wa mota, miliampea 60 kwa milisekunde 6, na kichwa kinaweza kutikisika kidogo mbele ya macho yako. Kisipojibu, kitoe na urudie vipimo vile vinne.