Watoto Wanapohamia Shamba Jipya

Bwana mkulima, siku ulipopata barua ya kuitwa ukachukue shamba katika skimu, bila shaka ulianza kuhesabu: mabati mangapi, mbegu kiasi gani, ng'ombe watapita njia gani, lori litataka fedha ngapi. Hesabu hiyo ni njema. Lakini sisi makarani huona mara nyingi kwamba baba ajuaye umri wa kila ndama wake hawezi kutuambia mtoto wake wa tatu anasoma darasa gani. Basi hapa tutasema juu ya watoto.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, maelfu ya jamaa walihamia mashamba yaliyokuwa ya masetla, kama yale ya Kinangop na Ol Kalou. Katika miaka ya 1970 wengine kutoka nchi ya baridi walishuka mpaka Mpeketoni, upande wa Lamu. Mzee alijua kwa nini anahama: alitaka ardhi. Mtoto aliona tu kwamba nyanya yake amebaki nyuma.

Kwa hiyo mwambie mtoto mapema, na umwambie kweli. Usimdanganye kwamba mnakwenda kutembea tu. Mweleze ni nani watakwenda, ni nani watabaki, na mbwa atakuwa wapi. Ukienda kuonyeshwa mipaka, mchukue mtoto mkubwa mmoja. Akirudi atawaeleza wadogo zake kwa maneno yao wenyewe, nao watamsadiki kuliko wewe. Tena wape nafasi ya kuwaaga nyanya na babu kwa utaratibu, maana katika skimu kila nyumba iko juu ya shamba lake, na mtoto aliyezoea kijiji huona upweke.

Wakati mzuri wa kuhama ni likizo ya Desemba. Nyumba itasimama na shamba litalimwa kabla ya mvua ya Machi, na mtoto ataanza mwaka pamoja na wenzake. Chukua kwa mwalimu mkuu barua ya uhamisho na ripoti za masomo. Ziweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki katika mfuko mmoja, na mama aushike mkononi. Usiutupe ndani ya lori. Wako wanaosema, "Kwanza anisaidie kutia ua, shule ataingia muhula ujao." Muhula huo huwa mwaka. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 2013, mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kushtakiwa.

Jambo la lugha husahauliwa. Madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya mahali, na penye watu wa makabila mengi, kama ilivyo katika skimu nyingi, lugha hiyo huwa Kiswahili. Ikiwa mtoto wako anajua lugha ya mama tu, anzeni kusema Kiswahili nyumbani miezi miwili mitatu kabla ya safari.

Sasa afya, na hapa tafadhali soma polepole. Ukihamia nchi ya juu, kama Kinangop, ambako jalidi huunguza viazi, watoto watatetemeka usiku katika nyumba mpya ya mabati. Usiwawekee jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wamelala. Nunua mablanketi kabla ya kununua kitu kingine. Ukishuka nchi ya joto, adui ni malaria, na mtoto wa milimani hana mazoea nayo. Chandarua kipakiwe mwisho ili kishushwe kwanza, maana mbu hangoji mpaka mmalize kupanga vyombo. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Kabla ya kuondoka tazama pia kama mtoto mdogo amepata chanjo ya surua, ya miezi 9 na ya miezi 18.

Siku ya kwanza, kabla ya kufungua mizigo yote, tembea na watoto. Waonyeshe mpaka, njia ya shule na nyumba ya jirani wa karibu. Waonyeshe bwawa na josho pia. Maji ya josho yana dawa ya kupe, si ya kuchezea. Shimo la choo lililochimbwa lifunikwe siku hiyo, hata kwa mbao na mawe.

Kisha mpe kila mtoto kitu kilicho chake katika shamba hilo: mstari mmoja wa sukuma wiki, au kuku wawili. Kuku hao wasiuzwe kabla ya yeye kuambiwa.